Mawe Arobaini Bila Namba

Nyumba za Machimboni,
Chumba Na. 6.
14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti limepoa? Shemeji amemaliza dawa zake? Huku tu wazima wa mwili. Mengine yasome ukiwa umekaa.

Unajua kampuni imetaka kila msimamizi wa machimbo awe na cheti cha mawe. Miaka ishirini na sita nimepanda kutoka kwenye nyundo bila kubebwa na mtu, leo niambiwe nikasome mawe! Nilienda nimenuna. Afadhali tu mwalimu alikuwa binti yako.

Mezani kulikuwa na mawe arobaini, kila moja na namba ya rangi nyeupe. Tulitakiwa kujua jina la jiwe na lilivyotokea: ni uji wa moto wa ardhini uliopoa ukaganda, au ni jiwe la zamani lililobanwa na kupikwa bila kuyeyuka hadi likageuka? Nikaona, ya nini kuhangaika? Nikakariri namba: saba graniti, kumi na mbili marumaru, mpaka arobaini. Kwenye mazoezi nilipata yote, na mawe yenyewe sikuyatazama. Binti yako akawa ananisifu mbele ya wenzangu.

Siku ya mtihani nikakuta kayasugua. Namba hakuna.

Nilipata sita, Dada. Asilimia kumi na tano. Kuku akidonoa ovyo angenipita. Badala ya kunyamaza, nikasimama mbele ya wanafunzi kumi na mmoja: "Wewe nimekubeba mgongoni ukanikojolea, leo unanipa sita? Kuosha mawe bila taarifa ni uhuni!" Akainama, akazikusanya karatasi zake. "Samahani, Mjomba." Yeye ndiye akaniomba radhi mimi.

Kazini sasa wananiita Bwana Namba. "Bwana Namba, hili la ngapi?" Nastahili.

Jana nilifungua daftari nikasoma, si kukariri. Lile jiwe la mistari ninalokalia kila mchana nikila, ambalo vijana wote nimewafundisha kuwa ni graniti, kumbe graniti lilikuwa zamani. Joto na uzito wa ardhi vimezipanga chembe zake mistari mistari, sasa linaitwa naisi. Nimelikalia miaka yote hiyo silijui, kisha nikamtukana aliyekuja kunionyesha.

Najua utataka kumpigia simu uniombee. Usifanye hivyo, nakusihi. Jumatatu nitakwenda mwenyewe, nimwombe radhi mbele ya wale wale kumi na mmoja, maana tusi walilisikia wote. Akininyima mtihani wa pili, nitarudi kwenye nyundo, mikono ninayo. Kinachonikosesha raha ni kingine. Juzi tulipishana getini, akaniamkia, "Shikamoo, Mzee." Mzee, Dada! Kama mtu baki.

Nisalimie Shemeji na yule kitinda mimba wako. Mungu akuponye goti, aifunike nyumba yako kwa rehema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya.