Suruali Isiyohitaji Fundi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Posta Ndogo,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa bibi yako. U hali gani? Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unashinda na chai kavu na kusema umeshiba? Sisi huku hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Cherehani nayo inakohoa, ila inashona.

Nilitaka kuianza barua hii kwa swali la mtego: ulipokuwa darasa la pili, ulificha nini ndani ya kopo langu la vifungo? Nilitaka nihakikishe kwamba anayesoma ni wewe. Swali nimeliacha. Sababu utaiona mbele, na naomba uisome ukiwa umekaa.

Kwanza barua yako ya mwezi uliopita. Mwanangu, ile barua ilinitia shaka tangu bahasha. Tulikuita Chiriku kwa kuwa ulikuwa hunyamazi hata usingizini, halafu unaniletea nusu ukurasa? Eti simu imeharibika. Eti chuoni kulikuwa na maonyesho ya ajira, ukakuta meza ya watu wa usalama wa taifa, ukajaza fomu. Na mwisho kabisa: "Kuna mtu atakuja kuuliza habari zangu. Mwambie kila kitu." Mwambie kila kitu! Mtoto niliyemlea mimi, katika nyumba ambayo hata msoma mita ya maji haambiwi tuko wangapi! Nikasema hapa kuna mtu amesimama nyuma ya mwanangu, anamwambia cha kuandika.

Bibi alisema huenda ni kweli tu. Nikamwambia, mama, wewe unaamini kila mtu, ndiyo maana unauziwa miwani barabarani.

Basi Jumanne akaja mwanamume mmoja na suruali mkononi, anataka nimpunguzie urefu. Nikaitandika mezani. Suruali ile ilikuwa imeshapunguzwa, tena kwa mkono, na fundi anayejua kazi yake. Nikampima miguu kwa macho. Inamtosha kabisa. Mtu mwenye akili timamu hapeleki kwa fundi suruali inayomtosha. Machale yakanicheza.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kuzunguka mbuyu: biashara ikoje, mtaa umetulia, nimekaa hapa miaka mingapi. Halafu akayataja majina yako yote matatu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Je, namfahamu binti huyo? Marafiki zake ni akina nani? Analewa? Aliwahi kugombana na mtu?

Unaijua kanuni ya nyumba hii, ila sijawahi kukuambia ilikotoka. Dada yangu, mama yako mzazi, alipofariki, watu wa upande wa baba yako walikuja kukuchukua. Nikawaambia hapa hakuna mtoto, na wewe umelala chini ya meza ya kukatia nguo. Sijui ni malaika gani alikuziba mdomo siku hiyo. Tangu hapo mgeni akitaja jina lako, jibu letu ni moja.

Nikamwambia simjui. Akauliza tena, nikasema jina hilo ndiyo kwanza nalisikia. Alipotoka akaingia kwa jirani yetu kinyozi, Wembe, naye kwa kuwa kanuni anaijua, akaona anisaidie. Akamwambia umeolewa zamani, una watoto wawili, na mumeo ni dereva wa malori. Yaani mimi sikujui kabisa, lakini jirani yangu anawajua mpaka wajukuu zangu! Hatukupata hata nafasi ya kukaa kikao tupatanishe uongo wetu.

Ijumaa akarudi kuchukua suruali, ambayo sikuwa nimeitia hata sindano. Safari hii akatoa kitambulisho. Nikakigeuza mbele na nyuma. Nikamwambia vitu hivi hata kwa wapiga fotokopi vinapatikana, kama yeye ni wa serikali kweli twende kituo cha polisi sasa hivi. Nilidhani atatimua mbio. Akasema, "Twende, mama." Nikafunga duka, nikaibana suruali yake kwapani, nikamtanguliza ili nimwone vizuri.

Tulipoingia tu, askari wa mapokezi akaivaa kofia yake haraka na kusimama wima. Kumbe ni wa serikali kweli.

Tukapewa chumba chenye meza moja na feni isiyozunguka. Akafungua jalada na kunisomea mahali pamoja tu. Mzazi au mlezi: jina langu. Uhusiano: mama. Hukuandika mama mdogo, Chiriku. Uliandika mama. Na chini yake, kwa mwandiko wa yule bwana: "Amesema hamfahamu."

Nililia. Nililia mbele ya mtu nisiyemwamini, na kwa kuwa leso sikuwa nayo, nikajifuta kwa suruali yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba barua ile ilikuwa yako kweli. Hakuna mtu wa kusimama nyuma yako ambaye angekuambia uandike neno hilo.

Nikamwomba aufute ule mstari. Akasema kwao kilichoandikwa hakifutwi, kinaongezewa tu. Akanipa karatasi na kalamu. Nikamuuliza kama nimekuharibia kazi. Akasema hawezi kusema, na usoni kwake huwezi kuokota hata punje ya jibu. Hao ndio watu unaotaka kushinda nao, mwanangu?

Hizo kazi zenyewe nimezifikiria. Umesema hujachagua bado: kukagua pasi mipakani, kulinda kompyuta za serikali, au kusoma taarifa na kuzichambua. Ya mipakani siitaki. Wewe mtu akikusimulia shida zake unalia kabla yake, utapitisha majambazi kwa huruma. Ya kompyuta siielewi, mwizi asiyeonekana unamshika wapi? Hiyo ya kuchambua labda. Ulikuwa ukitoka shule, unasikiliza mlio wa cherehani ukiwa bado mlangoni, unajua leo nimekasirika au la. Lakini niambie ukweli: siku utakaporudi nyumbani nikuulize umeshindaje, utanijibu, au utanipa uso kama wa yule bwana? Hilo ndilo linaloninyima raha. Mtoto wangu kuwa na siri za halali kunanitisha kuliko za haramu, maana za haramu ningezifukua.

Basi kama wamekunyima, ni mimi. Usitafute mwingine wa kumlaumu. Jalada hutaonyeshwa, kwa hiyo nakunakilia niliyoyaandika, neno kwa neno:

"Namjua. Nilimpokea akiwa na siku tisa. Nilimficha chini ya meza nikasema hayupo, nikazoea kusema hayupo. Hana mume, hana watoto, kinyozi alidanganya kwa ajili yangu. Marafiki zake wote siwajui. Halewi. Jumanne niliogopa kunyang'anywa. Mimi ni mama yake."

Nikaweka sahihi, na dole gumba juu yake, wasije wakasema si mimi.

Bibi anakusalimu sana na anasema yeye alisema tangu mwanzo. Wembe anakuomba radhi kwa mume na wale watoto wawili. Nisalimie mwenzako wa chumbani, ingawa sijamjua vizuri na ningependa kujua wazazi wake ni akina nani.

Mungu akulinde kila uendako, hata kule ambako mimi sitaruhusiwa kupajua.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiulizwa,

Mama