Barua Kumi na Nne kwa Mzee Moris

Alhamisi, baridi ya Julai. Jua linawaka bila kazi, na mimi nimechefuka tangu saa nne asubuhi. Chakula cha mchana nimekirudisha nyumbani vile vile nilivyokifunga.

Nisiseme nimechoka. Uchovu naujua. Hiki ni kinyaa, na nusu yake ni kinyaa cha nafsi yangu.

Ofisi yetu hapa Sandton inawasaidia watu ambao babu zao walitoka Lithuania kurudishiwa uraia wa kule. Wengi ni Wayahudi wa hapa Johannesburg. Wanataka pasipoti ya Ulaya na sheria inawaruhusu, mradi wathibitishe kwamba babu alikuwa raia wa Lithuania kabla Wasovieti hawajaingia mwaka 1940. Swali la kwanza la kila mteja ni lile lile: itachukua muda gani? Bosi wangu hujibu miezi sita, akitabasamu. Mimi hukaa pembeni na kompyuta yangu, kimya kama kabati.

Miezi sita ni uongo. Maombi yakishafika kule yakiwa kamili, labda itatosha, ukiwa na bahati. Lakini kabla ya hapo kuna karatasi. Kuna cheti kirefu cha kuzaliwa, kile chenye majina ya wazazi, kutoka serikali ya hapa, ambacho watu hukingoja mpaka wanakisahau. Kuna mihuri, kuna tafsiri, na juu ya yote kuna ombi kwa hifadhi ya nyaraka kule Lithuania, watafute jina la babu. Wasipolipata, huna kitu.

Kazi yangu ni barua. Kila mwisho wa mwezi namwandikia kila mteja kwamba faili lake linaendelea vizuri, tunasubiri majibu ya hifadhi. Nabadilisha jina na tarehe tu. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza, na nilikuwa najisifu kwamba Kiingereza changu kimenyooka kuliko cha bosi.

Leo alikuja Mzee Moris. Ana miaka sabini na tisa, mke wake alifariki mwaka jana, na anakaa peke yake mtaa wa Kensington, hapa hapa mjini. Binti yake yuko Ireland, na pasipoti hiyo ndiyo njia ya kwenda kuishi naye. Papa Neema, mlinzi wetu, mtu wa Bukavu, ndiye aliyenipigia kutoka mlangoni.

"Dada, ule muzee wako eko hapa tangu asubui. Anasema hana haraka. Eish, ananitia huruma."

Mzee alikuja na habari njema, kama alivyodhani. Amepata mnunuzi wa nyumba. Jumatatu anatia sahihi. Alitaka tu kuhakikisha, maana barua zinasema mambo yanakwenda vizuri.

Nikaenda kabatini kuangalia kama majibu ya hifadhi yamefika, ayaone kwa macho yake. Nimemwandikia barua kumi na nne, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nafungua faili lake.

Hakukuwa na majibu. Hakukuwa hata na ombi. Yaani fomu imo, imejazwa, mzee ametia sahihi yake ya kutetemeka, na haijatumwa popote.

Nilimpelekea bosi. Hakushtuka. Alisema wateja wakijua muda halisi watakwenda kwa wengine, kwa hiyo yeye hukusanya maombi mpaka yawe mengi, ndipo ayatume kwa pamoja. Hili lilisahaulika. "Mwandikie barua nzuri," akasema, "wewe unajua kuandika." Kisha akaendelea kumenya chungwa lake.

Nikarudi mapokezi nikamwambia mzee kila kitu kiko sawa.

Ndiyo. Nilisema hivyo, na nikamshika mkono.

Kibali changu cha kazi kimefungamanishwa na ofisi hii. Nikifukuzwa, ni kurudi Nakuru na sanduku langu. Ndivyo nilivyojitetea njia nzima kwenye teksi, na kila tuliposimama kwenye robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, utetezi ulizidi kuninukia vibaya. Mtu anauza nyumba kwa sababu ya sentensi zangu, halafu mimi nawaza sanduku!

Nikashuka Bertrams ninakoishi, na kabla sijafungua geti nikampigia. Sikuzunguka. Nilimwambia ombi lake halijatumwa, barua ni zangu na ni za uongo, Jumatatu asitie sahihi. Akasema zile barua alikuwa akimsomea binti yake kila mwezi. Heri angenitukana.

Akauliza, tukianza kesho, itachukua muda gani?

Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikajibu swali hilo. Mwaka na nusu. Jina la babu likisumbua kupatikana, miwili, pengine zaidi. Nilimsikia akijumlisha miaka yake kwa sauti ya chini.

"Basi anza kesho," akasema.

Bosi huingia saa tatu. Mimi nitakuwa mezani saa moja, na hiyo fomu itaondoka pamoja na barua ya kweli kwa Mzee Moris, yenye jina langu chini yake. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Atakuwa amechelewa saa mbili.