Baba Yangu Kinywani mwa Gia

Jumamosi, 1 Machi

Siku ishirini na nane kabla gari jipya halijazinduliwa! Leo kiwanda kimetoa picha moja tu ya gari – taa ya nyuma, basi. Tumeizunguka simu yenye picha hiyo karakanani kama watu waliokuja kuona kichanga. Mwalimu, mwenzetu anayefundisha fizikia, anasema mkunjo ule wa bodi unaonyesha upepo unapita chini. Gia anasema akiliona kwa macho yake anaweza kufa, hana neno. Gia ndiye mwenyekiti wa klabu. Karani wa bima, hata baiskeli hana. Nani anayo? Magari yenyewe yanatengenezwa sitini tu dunia nzima, na yote yana wenyewe tayari. Sisi tunamsubiri bibi harusi wa watu. Mama hucheka: kutwa unashona viti vya magari, ukipumzika unaongea magari!

Habari kubwa – kila klabu ya mashabiki itume barua moja kuhusu mapenzi ya magari. Atakayeshinda atakaa kando ya dereva, mzunguko wa kwanza, mbele ya watu wote. Gia palepale: "Andika wewe, dada. Habari za mzee wako zinatutosha sote." Mwalimu akaunga mkono. Nimeona haya. Nimekubali.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza. Kurasa tatu za mkono, juu ya meza ya kukatia ngozi.

Nimeandika jinsi baba alivyopofuka na bado akaendelea na ufundi. Ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kimya kidogo – halafu anakwambia ni vali au ni beringi. Watu walileta magari kutoka mbali. Nimeandika na siku ile ya hospitali. Gia alikuwa amepata mahali fulani sauti ya gari hili likijaribiwa, nikambandika baba simu sikioni. Alisikiliza mara mbili. Akasema, "Aliyeitengeneza hii hakuwa na haraka." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Nimelia kidogo. Chozi limedondokea ngozi ya mteja, nimelifuta haraka.

Barua nimempa Gia aichape. Kompyuta iko ofisini kwake.

Jumatano, 12 Machi

Gia anasema imeshakwenda. Nimeomba nakala, kasema printa imegoma. Sawa. Nina viti kumi na viwili vya kushona kabla ya Ijumaa, kidole gumba kimevimba.

Ijumaa, 21 Machi

TUMESHINDA! Klabu yetu! Gia kapiga simu nikiwa na sindano mdomoni, nusura niimeze. Nimepiga kelele mpaka jirani wa matairi akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamuuliza Gia, naenda lini, nivae nini? Kasema kuna taratibu, atanieleza, nitulie. Nitulie vipi!

Mama katoa gauni lake la buluu, kalitundika dirishani lipigwe na upepo.

Jioni tumekutana karakanani kupongezana. Mwalimu peke yake hakuchangamka. Kanipa mkono juu juu, kasema ana mitihani ya kusahihisha, akaondoka. Hata hakukaa.

Jumapili, 23 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa tunakula mchana, mimi na mama, runinga imewashwa. Mara Gia! Shati jipya, nywele kazichonga. Mtangazaji anamtambulisha: ndiye shabiki atakayepanda gari. Nikadhani wamekosea. Halafu akaanza. "Baba yangu alikuwa fundi kipofu..." Bisibisi. Mpini sikioni. Hospitali. Simu. Akameza mate vizuri kabisa, akasema: "Baba akaniambia, mwanangu, aliyeitengeneza hii hakuwa na haraka."

Hata "mwanangu" kaiongeza yeye. Baba hakuisema.

Mama kaweka kijiko chini. "Huyu anamsema nani?"

"Anamsema baba, mama."

"Baba wa nani?"

Baba yake Gia yuko hai! Anafuga kuku, mzima wa afya. Sijui naye alikuwa anatazama.

Mama hakumaliza chakula. Wala mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda ofisini kwake. Kanitoa nje haraka, tukasimama kwenye ngazi, wenzake wasisikie. Eti fomu ilitaka jina moja, na mwenyekiti ni yeye. Eti aliona wakisoma habari za binti watadhani ni mambo ya huruma tu, siyo ya magari. "Nimebadilisha neno moja, dada. Moja tu!"

Neno lenyewe – binti.

Nikamwambia, umenizika pamoja na baba. Kasema nisikuze mambo, hiyo hadithi sasa ni ya klabu. Nilipogeuka kuondoka akanimalizia: "Na Mwalimu aliisoma kabla haijaenda. Hakuona ubaya."

Jumanne, 25 Machi

Ni kweli. Nimemkuta Mwalimu chumba cha walimu, hakuthubutu kuniangalia. Anasema alimwambia Gia si vizuri. Gia akamwahidi ataniambia mwenyewe. Akasubiri. Siku zikapita, ikawa vigumu.

"Vigumu kwa nani?" nikamuuliza.

Gia angalau nimeweza kumtukana. Huyu ndiye aliyekuwa akija kila Alhamisi kumsomea baba gazeti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka matangazo ya vifo. Baba alimpenda. Nimetoka bila kuaga.

Jumatano, 26 Machi

Nimeanza kuwaandikia watu wa kiwanda. Mistari mitatu, nimechana. Nikisema, watauliza nani mwongo, watataka ushahidi, baba atageuka kesi. Nikinyamaza, Jumamosi baba si wangu tena.

Leo nimeshona mshono upande. Sijawahi.

Alhamisi, 27 Machi

Saa tisa alasiri. Naandika jikoni, nimesimama mlangoni, daftari juu ya friji. Gia yuko sebuleni, namwona.

Kaja na kadi mbili za kuingilia jukwaani Jumamosi, yangu na ya mama. Nilitaka kumfungia mlango. Mama kanisogeza pembeni. "Karibu, mwanangu. Kaa." Kampa maji. Sauti yake laini mno, mpaka mimi mwenyewe nikaogopa.

Kumbe kadi ni kisingizio. Kiwanda kinataka picha ya baba, wataionyesha kwenye skrini kubwa gari likiingia. Kaomba huku kainamisha kichwa. "Moja tu, mama. Nitairudisha."

Mama hakubisha. Kaenda chumbani, karudi na ile ya zamani – mafundi kumi na mmoja wamejipanga mbele ya lori, wote na ovaroli, wote vijana, wote macho mazima. Kaiweka mezani mbele yake. Kakaa.

"Haya, nionyeshe. Baba yako ni yupi?"

Gia alimjua baba mzee, kipofu, mwembamba. Huyu wa kwenye picha hajawahi kumwona.

Kidole chake kimeshafika juu ya picha. Kinakwenda kushoto, kinarudi. Mama amekunja mikono. Sasa Gia ameinua uso, ananitafuta mimi, hapa mlangoni. Midomo inacheza – yupi, dada, yupi?

Naandika tu. Sikiinui tena kichwa.