Hakuna Kumalizia Mtu Sentensi

4 Machi

Kwa Babu,

Shikamoo mume wangu. Goti limeamkaje? Sisi huku wazima. Shangazi anakusalimu, anasema uache kushona bila miwani.

Naandika kwa sababu simu hainifai. Kigugumizi kikinikwamisha tu, unanimalizia, na mara nyingi unamalizia jingine kabisa. Juzi nilitaka kusema nimepata marafiki, ukasema nimepata mchumba, ukaanza kuuliza ukoo wake.

Nimepata kituo cha vijana, Babu, ukumbi mkuukuu nyuma ya soko. Asubuhi tunajifunza kutengeneza simu, jioni tunakaa duara tunazungumza. Mlezi wetu ni mama mpole ila hataki mchezo, na ana sheria moja: hakuna kumalizia mtu sentensi. Siku ya kwanza nilikwama kwenye jina langu mwenyewe, nikatamani ardhi ipasuke. Watu kimya, wananitazama tu kama hawana pengine pa kwenda. Likatoka. Tangu niache shule kwa kuchekwa, sijawahi kujiona mtu kama siku ile.

Sasa halmashauri inataka ukumbi uwe ghala. Tarehe 23 kuna mkutano, na wenzangu wamenichagua mimi nikawasemee. Naogopa. Kituo kikifungwa kwa sababu ya ulimi wangu, sitajisamehe. Njoo ukae mbele nikuone.

Mjukuu wako,
Chiriku

11 Machi

Mke wangu Chiriku,

Marahaba. Goti lipo, tunavumiliana. Miwani niliikalia, na mwambie shangazi yako aache kunisimanga, mimi ndiye niliyemzaa.

Sasa nisikilize. Wenzako wamekosa mtu mwingine? Wale wakubwa hawana subira. Watakucheka mbele ya kadamnasi, na moyo wangu hauwezi. Mpe mwenye ulimi mwepesi.

Na hiyo sheria yenu imenichoma, sikufichi. Nilikuwa nakumalizia kwa kukuonea huruma. Mtoto akielemewa na ndoo, mzazi anampokea. Kosa liko wapi?

Siji. Sitaki kuona.

Babu yako

25 Machi

Kwa Babu,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa mimi bado nimenuna.

Nilisema. Ukumbi tumeachiwa, ghala watalitafutia kwingine. Nilikwama mara nyingi, lakini pale niliposema "kituo hiki kwetu ni" nilikwama vibaya, hata pumzi haikutoka. Mwenyekiti akadakia, "Ni muhimu, tumekuelewa binti, kaa." Mwenzangu mmoja akasimama, msichana mwenyewe mwoga kuliko mimi, akasema, "Mheshimiwa, tunaomba umngoje." Akaningoja. Ukumbi mzima ukaningoja. Nikasema, "ni nyumbani."

Nilikuwa natazama mlangoni kila ulipofunguliwa. Hukuja, na iliniuma. Halafu hiyo ndoo yako, Babu: ukinipokea kila siku, mkono wangu utakomaa lini?

Mjukuu wako

2 Aprili

Mke wangu,

Hujambo? Chakula unakula? Hapa nimeshonea suruali mfuko kwa nje, mteja ananitafuta, na kisa chote ni barua yako.

Nilikuja. Usimgombeze shangazi yako, nilimkataza kusema. Nilifika mapema, nikajibanza nyuma ya nguzo, mlango ukautazama bure. Ulipokwama pale, na mimi nilikuwa nimeshasimama, neno liko mdomoni, nakumalizia. Yule binti aliposema ungojwe, nikakaa kama vile aliyeambiwa ni mimi.

Unajua nilitaka kusema nini? "Shule." Nilikuwa na hakika nayo. Kisha ukasema "nyumbani", na baba wa watu pembeni yangu akafuta macho kwa kofia. Mimi sikuwa hata na kofia. Nikatoka kabla hamjatawanyika, maana mzee mzima kulia hadharani si heshima.

Umenifurahisha, mjukuu wangu, sina neno kubwa zaidi ya hilo. Ila usingizi umenipaa. Miaka yote hii nimekusemea mangapi yasiyokuwa yako? Niandikie, hata moja moja. Sina haraka.

Babu yako