Mgeni Uliyempokea Gede

Nuzha, Jidda

Kwako ndugu yangu Kahindi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo mama alivyotulea. Hujambo? Mama naye, miguu yake imepoa? Mkeo je? Na mwanangu Dama, bado anakataa mchicha? Mimi ni mzima wa mwili. Roho usiniulize, utaiona humu chini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu sina. Madam aliichukua, eti inanifanya nisahau vyungu motoni. Tumekuja Jidda kwa mama yake bosi kupumzika, yaani wao wanapumzika, na barua hii ataileta dada mmoja wa Nakuru anayefanya kazi humu. Mkataba wake umekwisha na amepewa huruji, ile ruhusa ya kutoka nchini. Mkataba wangu ulikwisha kabla ya wake, nami bado naosha sufuria.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikia. Bosi aliuweka sebuleni, simu yake juu ya meza, mimi nimesimama na birika. "Dada, una bahati! Bosi wako mtu mzuri sana, hana maringo, amekula na sisi chini kwenye mkeka." Akaniuliza umesema nini. Nikamwambia umemsifu. Alicheka kwa furaha, nami nikaenda jikoni nikafungulia maji ili nisisikike.

Sasa nikueleze huyo mtu wako mzuri. Kule Riyadh kila Ijumaa asubuhi hutupakia garini kwenda Hair, kusini mwa mji, kutazama ndege. Usidhani ni kama hori yetu ya Mida. Yale ni maji ya vyoo vya mji mzima, yamesafishwa yakaachwa yatiririke, matete yakaota, ndege wakaja. Yeye hukaa na kamera yenye mdomo mrefu kama mchi. Mimi nina zulia, birika, watoto wawili na nepi zao. Nikikohoa hunigeukia: "Mafi haraka! Kaa chini!" yaani nisitikisike. Nimekaa juani mpaka magoti yakashika moto, kwa ajili ya kulasitara, ndege ambaye nyumbani tunamfukuza kwenye mitego ya samaki. Husafiri pia, leo Misri, kesho India, na tope la nchi hizo nalijua kwa kulifua kwenye suruali zake.

Basi siku moja huko Hair alifungua kitabu chake akanionyesha picha ya yule bundi mdogo wa msitu wetu. Akasema katika ndege wote wa Afrika huyo ndiye anayemnyima usingizi. Mdomo ukanitoka: huyo kaka yangu anajua anapolala. Kahindi, tangu siku ile nikawa na jina. Zamani nilikuwa "ya bint" tu, sasa Sidi huku, Sidi kule. Akaniahidi tutasafiri pamoja, huruji ataitoa yeye mwenyewe, nikamwone mwanangu. Nikampa nambari yako. Nilipima kwa kibaba cha kwetu: mtu akishakula chakula cha mama yako, hawezi tena kukushikilia. Hapa kibaba hicho hakipimi kitu.

Kila nilipomuuliza alinijibu, "Inshallah, bukra." Bukra ni kesho, lakini kesho ya nyumba hii haijapata kucha. Siku ya safari nikaona mlangoni mabegi yake peke yake.

"Na mimi, baba?"

"Watoto watabaki na nani? Madam amechoka. Halas, Sidi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mgeni amekuja, mmemchinjia kuku, mmemtembeza, na mwenyeji niko huku sijapona chochote.

Aliporudi kulikuwa na wageni. Madam akanipa korosho niziweke kwenye sahani nizipitishe. Nikazipitisha. Nilisikia harufu ile ya kuungua kidogo, nikajisemea kuna mtu hukaanga kama mama. Ni kesho yake ndipo bosi alipouweka tena ujumbe wako, mpaka mwisho, nami nikakusikia ukisema mama amenitumia korosho, amezikaanga kwa mkono wake. Hata moja sikuionja, Kahindi. Nilizigawa mimi mwenyewe, kwa mkono wa kulia, nikitabasamu.

Na picha. Aliniita nizione, na nilidhani angalau hapo atanifanyia hisani. Ndege, ndege, ndege. Kisha nikaona gauni la njano, na uwanja wetu, na Dama amesimama. Nyuma yake, juu ya ua, ametua keremkerem. Ndege ametoka vizuri, hata jicho lake linang'aa. Mtoto wangu ametoka ukungu mtupu. Nikamwomba bosi aikuze. Akaikuza, upande wa ndege.

Nimefikiri kutoroka. Njia ya Hair yapita karibu na mtaa wa Manfuha, na wako wenzetu wamejificha huko bila ikama, kile kibali cha kuishi, wamelundikana vyumbani, mlango ukigongwa wanakimbilia darini. Siwalaumu. Lakini mimi niliingia nchi hii kwa mlango na nataka kutoka kwa mlango.

Hapa Nuzha kuna jirani, Bi Zuwena, mtu mzima, wazazi wake walitoka Unguja. Huja kumwamkia mama yake bosi, na akinikuta jikoni tunazungumza. Nilimsimulia yote. Akaniuliza, "Hebu nambie mwanangu, hivi sasa mwenye haja nani?" Nikamjibu ni mimi, bibi. "Hata! Wewe una haja ya kwenu, na yeye ana haja ya ndege. Na ndege yuko kwenu."

Kweli tupu. Mvua ilimharibia, hamkumwona bundi, na tangu arudi hana hadithi nyingine. Baada ya Idi anakuja tena kwako.

Nisikilize basi. Najua ada ya kazi yenu ya kutembeza wageni msituni, mgeni haongopewi, na sikuambii umwongopee. Mwambie ndege yupo, kichaka unakijua, na atamwona siku atakayoshuka na mimi. Waambie na wenzako wa msituni, asije akakuzunguka akapelekwa na wao. Huenda ukampoteza mgeni huyo. Mimi huku nitapigiwa kelele, pengine na zaidi ya kelele. Nimekubali.

Nisalimie mama, lakini hayo ya korosho usimsomee, mwambie zilikuwa tamu. Msalimie mkeo anayenilelea. Nimesikia Dama anamwita mama. Inaniuma, sitaficha, ila namshukuru. Nisalimie na mzee jirani yetu wa mitego. Dama mwambie sikumwona vizuri, kwa hiyo asikue haraka.

Kahindi, bosi akirudi huku amemwona yule bundi, sitauliza nani alimpeleka. Nitakuwa nimekwisha jua kama nina ndugu.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja nawe mpaka hapo,

Sidi