Mwenye Kile Kitabu

Mpenzi mjukuu wangu Mira,

Hapa Toronto hatujambo, na babu yako sasa anatembea bila mkongojo. Umeniuliza nani hasa aliandika kile kitabu cha kale cha dini yetu ya Kijaini, maana madhehebu yake yote mawili yanadai mwandishi ni wa kwao.

Ubishi huo nusura uvunje posa yangu, hapa hapa mtaani Thorncliffe Park. Baba yangu na baba wa babu yako, kila mmoja na dhehebu lake, walibishana mpaka baba akainuka. "Tunaondoka!"

Mama hakuinuka. Alianza kukikariri kitabu chenyewe, taratibu. Alipokwama, mama yake babu yako akaumalizia mstari, neno kwa neno. Baba akaketi.

Mwandishi simjui mpaka leo, mwanangu. Nawajua wanawake wawili waliokihifadhi moyoni, nami nikaolewa.

Bibi yako akupendaye