Kiti Ni Kimoja: kwa Baba Yetu Evelio Zuleta, Kinyozi

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba, na kiti chako cha kunyolea bado kiko jikoni pale ulipokiweka, kati ya jiko na dirisha. Wageni wakiuliza kwa nini hatukihamishi, mdogo wangu Fáber huwatolea macho. "Hicho si fenicha," anasema. "Hicho ndicho kituo chetu cha afya."

Ulinyoa vichwa vya mji huu tangu ukiwa kijana mwembamba. Mgonjwa asiyeweza kutoka ulimfuata nyumbani na mkoba wako, na mwenye upara ulimkalisha kitini kama wengine, ukamchezea mkasi hewani ili asijione mnyonge. Sauti yako ya "Anayefuata!" ilivuka uwanja hadi kanisani. Padri alisema ipo siku mtu atainuka katikati ya Misa aje kunyolewa.

Mama alipoanza kutia chumvi kwenye kahawa na kuwauliza wateja wako kama wamemwona mama yake, hukujidanganya. Madaktari wanauita Alzheimer, lakini sisi wa milima hii ya Antioquia tuliujua kabla yao, tukauita ubozi, yaani upumbavu, nao hutembea na damu. Mama yake, bibi yetu, ulimpata kabla hajafika miaka hamsini, na mjomba naye vilevile. Ulifunga duka, ukabeba kiti mgongoni kupandisha mtaa, watu wakikutazama. "Nimekwisha kuwanyoa wote," uliwaambia. "Sasa nina mteja mmoja."

Daktari wa Medellín alimwandikia Mama vibandiko vya dawa, kimoja kwa siku: vidogo kwanza, kisha vikubwa mwili ukishazoea. Ulimuuliza kama vitamrudisha. Akasema hapana, vitachelewesha tu yanayokuja. Ukavaa kofia yako. "Basi tuchelewe," ulisema.

Hivyo ndivyo ulivyochelewa, Baba, kila asubuhi baada ya arepa, mkate wetu wa mahindi, na kikombe cha maji ya moto ya sukari guru. Ulisimama mlangoni mwa jikoni na koti lako jeupe, ukaita "Anayefuata!", na Mama akaja akijishika nywele. Ulimfunika shuka la kinyozi, ukamchana kwanza, maana mteja hashikwi mgongo kabla ya salamu. Kisha ukabandua cha jana, ukakikunja gundi ikiingia ndani na kukitupa mbwa asikofika. Ngozi uliitaka safi na kavu, bila mafuta, na ulikibandika cha leo juu ya mgongo ambako mkono wake haufiki kukinyofoa. Kama jana kilikuwa kulia, leo kilikuwa kushoto. Ulikikandamiza kwa kiganja kwa muda wa Salamu Maria moja. "Nzima," ulitukaripia tukiikimbiza. "Si ile ya kuwahi basi." Mwisho ulinawa mikono.

Shangazi Otilia ametupa ruhusa ya kulisema hili, mradi tuseme pia kwamba alikuwa na nia njema. Alikuwa na nia njema. Ulikwenda Medellín kupasuliwa ngiri, ukamwachia Shangazi amtunze Mama, pamoja na pakiti ya vibandiko. Uliporudi ulimkuta Mama rangi imemtoka, anatapika, miguu haimbebi. Alikuwa na kibandiko panja la kulia, kingine panja la kushoto, na cha tatu katikati ya paji, kama sisi sote tulivyobandikwa vipande vya viazi utotoni tukiumwa kichwa.

"Otilia, ni nini hii?"

"Dawa, kaka. Ugonjwa uko kichwani. Ulitaka nimbandike kisigino?"

"Na vya jana na juzi mbona vipo?"

"Tangu lini plasta ikatolewa? Plasta huanguka yenyewe ikimaliza kazi. Mama yetu tulimzika na ya kiuno!"

Ulivibandua vyote, ukamwosha, ukamkimbiza hospitali, na usiku ule wote hukukaa chini. Mama alipopata nafuu tulidhani utamfukuza dada yako. Badala yake ulimkalisha kwenye kiti hiki hiki, ukamfunga shuka shingoni.

"Nikikunyoa hapa, mteja mwingine akae wapi?"

"Asubiri niinuke. Au unataka anikalie mapajani?"

"Basi kibandiko nacho ni mteja. Kiti ni kimoja, Otilia. Wa jana ainuke, ndipo wa leo akae."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea tena katika nyumba hii. Mafundi wa dawa wana maneno yao, lakini sisi tunalo hilo na linatutosha.

Kisha moyo wako ukasimama ghafla, Baba, bila kuaga. Siku ya pili ya novena, zile siku tisa za kukuombea, nyumba ikiwa imejaa rozari na kahawa, Fáber alimwendea Mama na kibandiko mkononi. Mama aligandamiza mgongo ukutani.

"Geuka kidogo, Mama."

"Kijana, una adabu wewe? Mgongo wangu anaujua mume wangu tu. Akirudi nitamwambia."

Watu walicheka huku wakilia. Kesho yake alimpiga Fáber kwa mwiko. Tulimbembeleza, tukajaribu wakati wa kuoga, tukajaribu kwa peremende. Alilala chali na kukaa akiegemea ukuta mpaka novena ikaisha, na yale uliyomshikia yakaanza kumtoka: kijiko hakujua ni cha nini, njia ya chooni ikapotea. Tulimpigia daktari. "Zikishapita siku tatu bila dawa, msirudi kwenye kile kikubwa," alisema. "Anzeni upya na kidogo, la sivyo mtamwumiza." Miezi yako yote ya kupanda, Baba, ikarudi bondeni.

Majirani walituhurumia. "Mwacheni mama wa watu apumzike," walisema. "Kwani hiyo dawa inaponya?" Tunakiri kwamba tulikuwa tumechoka, na maneno yao yalikuwa matamu. Aliyewajibu ni Shangazi Otilia, wa viazi, akiwa amesimama na ufagio wake. "Kaka yangu alisema tuchelewe. Tutachelewa."

Tukaandaa kila kitu kama chako: kiti, shuka, kitana, harufu ya poda. Mama alikizunguka kiti na kuondoka. Lilibaki neno moja, na hakuna aliyetaka kulitamka.

Unajua kwa nini. Damu ile tunayo mimi na Fáber, na hatujakwenda kupimwa. Kila asubuhi ulipoita "Anayefuata!" sisi wawili tulitazama pembeni, kila mmoja akijiuliza kama ni yeye. Ni wewe tu uliyeweza kulisema neno hilo chini ya paa hili huku unacheka, labda makusudi, ili lizoeleke kama mbwa mkali anavyozoeleka. Tuliliogopa kweli, Baba, na bado tunaliogopa.

Mimi Nubia, mwanao mkubwa, ninayeandika haya, nilivaa koti lako. Nilisimama mlangoni mwa jikoni, nikavuta pumzi, nikapaza sauti mpaka mbwa akabweka.

"Anayefuata!"

Mama alitoka chumbani akijishika nywele. "Nilidhani mmefunga," alisema, akakaa, akafungua kifungo cha juu yeye mwenyewe. Nilimchana. Nilimbandika kile kidogo, kulia, juu, nikakikandamiza kwa kiganja na kuanza Salamu Maria. Nilipofika "utuombee sisi wakosefu" alinipokea, akaimaliza peke yake hadi Amina, wala hakuikimbiza.

Tulipanda tena taratibu, na sasa tuko kwenye kikubwa. Kijiko kimerudi mkononi. Chooni anakwenda mwenyewe siku nyingine, siku nyingine hapana. Picha yako ukutani huitazama sana. "Yule kinyozi ni nani?" aliuliza juzi, na kabla hatujajibu akasema, "Ana mkono mwepesi."

Jana ilikuwa zamu ya Fáber kuvaa koti. Alipomaliza na Mama akainuka, yeye akajitupa kitini.

"Dada, na kama ni mimi?"

"Nitakuita kwa sauti kubwa."

"Na kama ni wewe?"

"Usije ukaninong'oneza. Ukinong'ona sitakuja."

Kutoka kwenye jiko lenye moshi shangazi akadakia, "Na mimi nitasimama hapo nione mmetoa cha jana!" Tulicheka, Baba, sote, na Mama alicheka zaidi yetu bila kujua ni nini.

Tunaokukumbuka ni mkeo Rosmira, dada yako Otilia, na wanao Nubia na Fáber, pamoja na vichwa vyote vya mji huu ulivyovitengeneza. Jina lako limemponyoka Mama. Sisi daima tutakukumbuka, na fungu lake la kukukumbuka tumelichukua sisi.